Mtakatifu Guntram: Mfalme wa Hasira na Toba



Wapendwa wanajumuiya, tarehe 28 Machi Kanisa linamkumbuka mtakatifu ambaye wengi wetu hatujawahi kusikia habari zake. Jina lake ni Guntram. Wenzetu waliosoma kwa Kifaransa kule Kongo na Burundi huenda wamelikuta jina hilo katika kalenda likiandikwa Gontran. Alikuwa mfalme wa Wafranki kwa zaidi ya miaka 30, kuanzia mwaka 561 hadi alipofariki mwaka 592. Kwa kuwa sikukuu yake mara nyingi huangukia ndani ya Kwaresima, nimeona ni vizuri tuyasome maisha yake katika kipindi hiki cha toba.

Nakiri mapema kwamba mtakatifu huyu alinisumbua. Mimi ni muuguzi, na jambo la kwanza nililosoma juu yake ni kwamba aliwaua madaktari wawili kwa sababu mke wake alikufa mikononi mwao. Nikafunga kitabu. Baada ya siku kadhaa nikakirudia, nikasoma hadi mwisho. Sitayaficha mabaya yake, maana bila hayo hata mema yake hayaeleweki.

Ndugu wanne, ufalme mmoja

Wafranki walikuwa watu wa asili ya Kijerumani walioitawala Galia, nchi ambayo zamani ilikuwa chini ya Dola la Kirumi na ambayo leo sehemu yake kubwa ni Ufaransa. Babu yake Guntram, Mfalme Clovis, alibatizwa na Askofu Remigius wa Reims, na watu wake wengi wakabatizwa naye. Lakini kubatizwa ni siku moja, kubadilika ni miaka. Wajukuu wa Clovis walikuwa Wakristo, walijenga makanisa na kuhudhuria Misa, na bado waliuana kama watu wasiolijua jina la Kristo.

Chanzo kikubwa cha ugomvi wao kilikuwa urithi. Kwa desturi yao, mfalme akifa ufalme uligawanywa kwa wana wake wote, kama shamba linavyokatwa vipande. Mfalme Chlothar, baba yake Guntram, alipofariki mwaka 561, alikuwa na wana wanne hai: Charibert, Guntram, Sigebert na Chilperic. Mara baada ya mazishi Chilperic aliichukua hazina ya baba yao na kuingia Paris, ikabidi ndugu zake waungane kumtoa. Kisha wakagawana. Charibert akapata Paris, Sigebert akapata Reims, Chilperic akapata Soissons. Guntram alipewa fungu la Orléans pamoja na nchi ya Burgundy, naye akakaa zaidi Chalon, mji ulio kando ya mto Saône.

Charibert alifariki mwaka 567, na fungu lake likagawanywa tena. Sigebert alimwoa Brunhild, binti wa mfalme wa Wagothi wa Hispania. Chilperic, asitake kupitwa na ndugu yake, akamwoa dada yake Brunhild aitwaye Galswintha. Baada ya muda mfupi Galswintha alikutwa amekufa kitandani, amenyongwa, na siku chache baadaye Chilperic akamwoa Fredegund, mwanamke aliyekuwa mtumishi katika nyumba yake. Hapo damu ikaanza kudai damu. Mwaka 575 Sigebert aliuawa na vijana wawili waliotumwa na Fredegund wakiwa na visu vilivyopakwa sumu. Mwaka 584 Chilperic naye alichomwa kisu jioni, alipokuwa akishuka farasi kutoka mawindoni huko Chelles. Kati ya ndugu wanne, Guntram akabaki peke yake.

Tunayajua mengi ya mambo haya kwa sababu ya Askofu Gregory wa Tours, aliyeishi wakati huohuo. Gregory alimjua Guntram ana kwa ana, alikula naye mezani, na aliandika historia ya watu wake bila kuwapamba wafalme. Kwa ujumla alimpenda Guntram kuliko wafalme wengine, lakini hakuyaficha makosa yake.

Nyumba iliyobaki bila wana

Mambo ya ndoa ya Guntram hayakuwa mfano kwa vijana wetu. Kwanza aliishi na mwanamke aitwaye Veneranda, mjakazi wa mmoja wa watu wake, wakapata mwana aitwaye Gundobad. Kisha akamwoa Marcatrude, binti wa bwana mkubwa aitwaye Magnachar. Marcatrude alipopata mwana wake mwenyewe, Gundobad akafa, na ilisemekana kwamba mama wa kambo alimpa sumu katika kinywaji. Haukupita muda mrefu mwana wa Marcatrude naye akafa, na mfalme akamwacha mkewe. Mke wa tatu alikuwa Austrechild, aliyemzalia wana wawili, Chlothar na Chlodomer.

Wana wa Magnachar, ndugu zake yule mke aliyeachwa, walimsema vibaya Austrechild. Mwaka 577 Guntram aliamuru wauawe kwa upanga, akachukua mali yao. Mwaka huohuo wana wake wawili, Chlothar na Chlodomer, walishikwa na ugonjwa wa ghafla wakafa.

Sisemi kwamba Mungu aliwaua watoto wale kwa dhambi ya baba yao. Kazini nimeona watoto wengi wagonjwa, na sijawahi kuona sababu ya kuwaambia wazazi wao neno kama hilo. Ninachosema ni kwamba ndani ya mwaka mmoja mtu huyu aliwaua wana wa mwenzake na akawazika wana wake mwenyewe. Maumivu aliyoyatia katika nyumba ya Magnachar yalikaa katika nyumba yake.

Katika huzuni hiyo alifanya jambo ambalo halikutegemewa katika ukoo ule. Sigebert, ndugu yake aliyeuawa, alikuwa ameacha mwana mdogo, Childebert, aliyekuwa na umri wa miaka kama saba. Guntram alikutana na mtoto huyo pamoja na wakuu wake, akamkalisha katika kiti chake mwenyewe cha enzi, akamtangaza kuwa mwanawe na mrithi wake. Wafalme wengine wa ukoo ule waliona yatima wa ndugu kama nafasi ya kuongeza ardhi. Baba yake Guntram mwenyewe, Chlothar, aliwaua kwa mkono wake watoto wa kaka yake ili awarithi. Guntram alimwona yatima akaona mtoto.

Madaktari wawili

Miaka mitatu baadaye likaja jaribu lingine. Mwaka 580 ugonjwa ulienea karibu Galia yote. Gregory anauita ugonjwa wa kuhara damu, na anaeleza dalili zake: homa kali, kutapika, maumivu makali ya mgongo upande wa figo, kichwa na shingo kuwa vizito. Ulianza mwezi Agosti na uliwashika kwanza watoto wadogo. Hawakuwa na dripu, hawakuwa na chumvi ya kurudisha maji mwilini, wala hawakujua kwamba maji waliyokunywa yangeweza kuwa ndiyo yaliyobeba ugonjwa. Walikuwa na mitishamba, vikombe vya kuumika na sala.

Katika ugonjwa huo Chilperic na Fredegund walipoteza watoto wawili. Fredegund, mwanamke aliyeogopwa kwa ukatili, alisema kwamba machozi ya maskini ndiyo yaliyowaua wanawe, akachukua vitabu vya kodi za miji yake akavitupa motoni, na kumhimiza mumewe afanye vivyo hivyo.

Huko kwa Guntram, Malkia Austrechild alikuwa anakufa. Aliamini kwamba dawa za madaktari ndizo zilizomwua. Alimwita mumewe akamtaka aape kwamba akishafariki, madaktari wake wauawe, ili siku ya msiba wake na nyumba nyingine zilie. Guntram akaapa. Malkia akafa, na mfalme akatimiza kiapo. Majina ya madaktari hao yamehifadhiwa: Nicolaus na Donatus. Gregory anaandika kwamba watu wengi wenye busara waliona wazi kuwa tendo hilo lilikuwa dhambi.

Ndugu zangu, kila aliyefanya kazi wodini anaijua hasira ya mfiwa. Mtu anapompoteza mama au mke, hasira humwangukia aliye karibu, na aliye karibu ni muuguzi au daktari. Nimewahi kutukanwa saa tisa usiku na mtu ambaye asubuhi alirudi kuniomba radhi huku analia. Tunaielewa hasira hiyo na tunaisamehe, kwa sababu mfiwa wetu hana upanga. Guntram alikuwa nao.

Na kuna kiapo. Herode naye aliapa mezani, kisha akamkata kichwa Yohane Mbatizaji ili asionekane mwongo mbele ya wageni. Kiapo cha kutenda dhambi hakimfungi mtu. Guntram angeweza kumzika mkewe kwa heshima na kuwaacha wale wawili warudi kwa watoto wao. Hakufanya hivyo, na hakuna sifa yake ya baadaye inayoweza kulifuta jambo hilo.

Baba mkubwa

Chilperic alipouawa mwaka 584, Fredegund alikimbilia katika kanisa kuu la Paris akiwa na hazina zake na mtoto mchanga wa miezi minne, Chlothar. Kila mtu alikuwa na sababu ya kumtaka afe, na Guntram kuliko wengi, maana mwanamke huyo ndiye aliyemwua Sigebert. Fredegund akatuma ujumbe kwa Guntram kumwomba aje amlee mtoto.

Guntram akaja Paris. Childebert, yule mwanawe wa kupanga ambaye sasa alikuwa kijana, alituma wajumbe kudai wakabidhiwe Fredegund ili alipe damu ya baba yake. Guntram alikataa. Alimlinda mama kwa ajili ya mtoto. Aliwarudishia watu mali walizonyang'anywa na watu wa Chilperic, akarudisha wasia za waumini kwa makanisa zilizokuwa zimefutwa, na kuwagawia maskini.

Hata hivyo alikuwa na hofu. Alitembea na walinzi wenye silaha hata akienda kanisani. Dominika moja katika kanisa la Paris, shemasi alipokwisha kuwanyamazisha watu kabla ya Misa, mfalme aligeuka akawaomba waumini wote, wanaume kwa wanawake, wasimwue kama walivyowaua ndugu zake. Aliwaomba wampe angalau miaka mitatu awalee watoto wa ndugu zake, maana akifa yeye hapatabaki mtu mzima katika ukoo wa kuwalinda watu. Kanisa zima likamwombea. Sijui kama kuna mfalme mwingine wa zama zile aliyesimama mbele ya watu wake akaomba kuishi, na sababu aliyoitoa ikawa ni watoto wasio wake.

Katika lugha yetu hatuna shida ya kulieleza jambo hili. Ndugu mkubwa wa baba ni baba mkubwa, naye ni baba. Wengi wetu hapa ugenini tunalipa ada za watoto wa ndugu zetu, na baadhi yetu tunaishi nao nyumbani kwa sababu wazazi wao wametangulia. Tunajua ni mzigo, na tunajua pia kwamba si kila ndugu anaukubali.

Hakuwa mjinga katika upendo huo. Ubatizo wa mtoto Chlothar uliahirishwa mara kadhaa, na Guntram akaanza kushuku kwamba mtoto huyo si wa ndugu yake. Fredegund alilazimika kuleta maaskofu watatu na watu mashuhuri 300 waape kwamba baba ni Chilperic. Mashaka yakatulia. Mwaka 591 mtoto alibatizwa huko Nanterre, na Guntram mwenyewe akawa msimamizi wake wa ubatizo, ingawa Childebert alilalamika.

Nyimbo za Orléans

Kati ya mwaka 584 na 585 akatokea mtu aitwaye Gundovald, aliyedai kuwa naye ni mwana wa Chlothar na kwamba anastahili fungu la ufalme. Wakuu wengi walimfuata, hata Mummolus, jemadari aliyewahi kuwashinda Walombardi kwa ajili ya Guntram. Jeshi la Guntram likawazingira huko Comminges, chini ya milima ya Pyrenees. Mummolus alimsaliti Gundovald, kisha naye akauawa. Askari wakauteketeza mji na kuwaua watu wake, hata makasisi kanisani. Sehemu kubwa ya hazina iliyopatikana Guntram aliwagawia maskini na makanisa, lakini damu ya Comminges imo pia katika hesabu yake.

Tarehe 4 Julai 585, sikukuu ya Mtakatifu Martino, aliingia mji wa Orléans. Umati ulimpokea kwa bendera na nyimbo, kila watu kwa lugha yao. Wasiria waliimba kwa lugha yao, Walatini kwa yao, Wayahudi kwa yao. Nilipofika hapo nilitabasamu. Kumbe hata miaka 1400 iliyopita, katika mji wa Ufaransa, walikuwepo watu waliotoka mbali, wakafanya biashara zao, na siku ya sikukuu wakaimba kwa lugha ya mama.

Lakini tabasamu langu halikudumu. Mfalme alipoketi mezani na maaskofu aliwadharau Wayahudi waliomwimbia. Alidai kwamba walimsifu ili aamuru sinagogi lao, lililokuwa limebomolewa na Wakristo, lijengwe tena, na akaapa kwamba hatalijenga. Maaskofu walisikiliza, na Gregory mwenyewe aliyeandika habari hiyo aliona mfalme amesema kwa hekima. Sisi tunaoishi kama wageni katika nchi ya watu, tunaoomba vibali vya kukaa na vyumba vya kusalia, tunapaswa kulitambua kosa hilo mara moja, hata kama aliyelitenda ana jina la mtakatifu.

Mwaka huohuo maaskofu wengi wa Galia walikutana katika sinodi ya Mâcon. Waliagiza siku ya Dominika iheshimiwe, watu waache kazi za shamba na kesi za mahakamani, waende kanisani. Walikazia pia utoaji wa zaka kwa ajili ya maskini na kuwakomboa mateka. Guntram aliidhinisha maamuzi hayo kwa amri ya kifalme, akawaonya maaskofu na mahakimu pia kwamba watahesabiwa dhambi za watu wasipowaonya.

Tauni ya Marseille

Mwaka 588 meli kutoka Hispania ilitia nanga Marseille ikiwa na bidhaa zake za kawaida. Watu wengi walinunua. Katika nyumba moja watu wote wanane walikufa. Kisha pakawa kimya kwa muda, na baada ya kimya hicho ugonjwa ukawaka mji mzima kama moto kwenye shamba kavu. Muuguzi yeyote anayesoma maelezo hayo anaelewa ile siku ya kimya ilikuwa nini: watu walikuwa wamekwisha kuambukizwa na bado wanatembea sokoni. Sote tunakumbuka mwaka 2020.

Askofu Theodore wa Marseille, ambaye Guntram aliwahi kumshuku na kumkamata kwa kisa cha Gundovald, hakukimbia. Alikaa katika basilika la Mtakatifu Victor pamoja na wachache waliobaki, akisali na kukesha. Tauni ikafika mpaka karibu na Lyon, ndani ya nchi ya Guntram.

Wakati huu mfalme hakumtafuta wa kumwua. Aliagiza watu wakusanyike kanisani kwa litania na mikesha, na kwa siku tatu wale mkate wa shayiri na maji safi tu. Yeye mwenyewe alifunga pamoja nao, akaongeza sadaka kwa maskini kuliko kawaida yake, akahangaika juu ya watu wake hata wakamwona kama padre na si mfalme tu. Leo tungemshauri asiwakusanye watu mahali pamoja wakati wa tauni. Lakini moyo wake tunaulewa. Miaka minane kabla, kifo kilipoingia nyumbani kwake, alitaka wengine nao walie. Sasa kifo kilipoingia nyumba za wengine, alilia nao.

Gregory anasimulia kwamba siku hizo mwanamke mmoja alikuwa na mwana mgonjwa wa homa inayorudi kila siku ya nne. Sisi tuliokulia kwenye malaria tunaweza kukisia ilikuwa homa gani. Mama huyo alijipenyeza katikati ya umati hadi nyuma ya mfalme, akakata nyuzi chache za pindo la vazi lake bila yeye kujua, akazitia katika maji, akamnywesha mtoto, na homa ikaisha. Waliosikia walimkumbuka yule mwanamke wa Injili. Mfalme aliyewaua waganga sasa watu walimwendea kutafuta uponyaji.

Kizingiti cha kanisa

Ningependa kumalizia hapo, lakini maisha yake hayakuishia hapo.

Mwaka 587, katika sikukuu ya Mtakatifu Marcel huko Chalon, Guntram alikuwa anakaribia altare kupokea Komunyo. Mtu mmoja akamsogelea kana kwamba ana neno la kumwambia, kisu kikamdondoka mkononi. Alikamatwa, akakiri kwamba alitumwa kumwua mfalme. Alipigwa sana, lakini Guntram aliuacha uhai wake, kwa sababu aliona si haki kumwua mtu aliyetolewa ndani ya kanisa.

Miaka mitatu baadaye, mwaka 590, alikuwa akiwinda katika misitu ya Vosges, akakuta dalili kwamba ng'ombe-mwitu mmoja ameuawa bila ruhusa yake. Mlinzi wa msitu alimtaja Chundo, mtumishi mkuu wa nyumba ya mfalme. Chundo alikana. Mfalme akaamuru wapigane ili ukweli ujulikane. Mpwa wa Chundo alisimama badala yake, naye na mlinzi wa msitu wakauana palepale. Chundo alipoona hivyo alikimbia kuelekea kanisa la Mtakatifu Marcel. Mfalme akapiga kelele wamkamate kabla hajagusa kizingiti. Wakamkamata. Akafungwa kwenye mti akapigwa mawe hadi kufa. Watu watatu, kwa ajili ya mnyama mmoja.

Baadaye Guntram alijuta sana. Alijilaumu kwamba kwa hasira ya haraka, kwa kosa dogo, alimpoteza mtumishi mwaminifu aliyemhitaji. Tauni ilikuwa imepita, mfungo ulikuwa umepita, na hasira ilikuwa bado imo.

Toba isiyokwisha

Guntram alifariki tarehe 28 Machi 592, akazikwa Chalon katika kanisa la Mtakatifu Marcel alilolijenga na kuliwekea watawa. Childebert alirithi ufalme wake kama alivyoahidiwa, lakini naye hakuishi miaka mingi. Mwaka 613 aliyebaki kuwa mfalme wa Wafranki wote alikuwa Chlothar, yule mtoto mchanga wa Paris. Huyo naye alianza utawala huo kwa kumwua kikatili Malkia Brunhild aliyekuwa mzee. Mtoto aliokolewa, lakini chuki ya ukoo haikufa na Guntram.

Siku hizo hapakuwa bado na utaratibu wa Roma wa kutangaza watakatifu. Watu wenyewe walianza kumheshimu, na heshima hiyo ikaendelea. Nimejiuliza kwa nini. Nadhani walimjua vizuri, na mabaya yake waliyajua kuliko sisi. Lakini walikuwa wameishi chini ya wafalme wengine pia, wafalme walioua na kulala usingizi. Huyu aliua, akalia, akafunga, akagawa mali, akalea watoto wa adui yake, akaanguka tena, akalia tena.

Wapo kati yetu wanaoogopa kuingia kitubio kwa sababu dhambi ni ileile ya mwaka jana. Hasira ileile kwa mke, kwa mume, kwa watoto, baada ya zamu ya usiku na bili zisizolipika. Guntram hatufundishi kwamba hasira si kitu. Nyumba ya Nicolaus na nyumba ya Donatus zilijua ni kitu gani. Anatufundisha kwamba anayeanguka mara ya pili aende tena mahali palepale alipokwenda mara ya kwanza, na kwamba wakati anahangaika na nafsi yake, bado yupo yatima wa kulishwa.

Tarehe 28 Machi, mtakapomwomba Mtakatifu Guntram atuombee, naomba mfanye jambo moja kwa ajili yangu na kwa ajili ya wauguzi na madaktari wote wa jumuiya yetu. Muwataje pia Nicolaus na Donatus, waliofanya walichoweza kando ya kitanda cha mgonjwa wakafa kwa sababu haikutosha. Bwana awape raha ya milele.

Nawatakia Dominika njema na Kwaresima yenye baraka.